Kabla Hujauliza Nani Kamroga, Uliza Nini Kinamuumiza

Msomaji, hebu tuanze na mvua. Masika yanapopiga paa la mabati saa nane za usiku huko Maweni au Kisumu Ndogo, mjini Malindi, wewe hugeuka upande wa pili, ukavuta shuka na kumshukuru Mungu kwa baridi. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwako huenda yuko mtoto wa miaka sita aliyeruka kitandani, ameziba masikio kwa viganja, anapiga mayowe kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Mama yake anamkumbatia, naye anazidi kurusha mateke. Asubuhi majirani wakikutana mferejini neno ni moja: "Mtoto yule ana kitu. Si bure."

Neno hilo, "si bure", limewapotezea wazazi wengi wa Pwani miaka ya thamani. Likishatamkwa, yanayofuata yanajulikana. Kuku anatafutwa, mganga anaitwa, ubani unafukizwa, au mtoto anapelekwa kwenye maombi ya usiku kucha. Na yote yakishindwa, fimbo inateremshwa kutoka darini.

Huenda mtoto huyo hakurogwa wala hana jini. Huenda ana usonji, na lile bati linalopigwa na mvua linamuumiza kweli kweli. Hoja yangu leo ni hiyo moja tu. Mengi tunayoyaita ukaidi kwa watoto hawa ni maumivu, na dawa ya kwanza ya maumivu hayo iko mikononi mwa watu wa nyumbani.

MILANGO ISIYO NA BAWABU

Usonji hauambukizi, wala si wazimu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu akiwa mchanga sana, hata kabla ya kuzaliwa. Mtoto wa aina hii hupata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku. Wapo wasiosema kabisa. Wapo wasemao sana, lakini juu ya jambo moja tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hii. Kwa hivyo shule yenye watoto elfu moja ikikwambia haijawahi kumwona hata mmoja, jiulize kama hawajafichwa nyumbani.

Upande usiozungumzwa sana ni ule wa milango ya fahamu: masikio, macho, pua, ulimi na ngozi. Kwa wengi wetu milango hiyo ni kama ina bawabu. Ukiwa sokoni ukipatana bei ya nazi, bawabu huyo huiacha nje honi ya tuktuk, kelele za makondakta, harufu ya ng'onda na jua linalomulika kwenye sufuria mpya, ili wewe umsikie muuzaji peke yake. Kwa watoto wengi wenye usonji, bawabu huyo ni kama hayupo. Kila kitu huingia kwa mkupuo mmoja, na chote kwa nguvu. Mtoto hujitupa chini pale pale sokoni, na watu husema hana adabu.

Wengine mambo yao ni kinyume: mlango umefungwa mno. Hawa hushika sufuria ya moto bila kulia mara moja, hujizungusha wasipate kizunguzungu, hutafuna kola za mashati na kujigonga ukutani, kwani miili yao inatafuta kuhisi kitu. Tena mtoto mmoja aweza kuwa na hali zote mbili. Masikio yakawa makali kupita kiasi, na ngozi ikawa nzito.

Jambo hili lilionekana zamani. Dkt Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, alieleza kuwa baadhi yao walishikwa na hofu kubwa waliposikia mashine za nyumbani, na hata maji yakitiririka. Hata hivyo ilichukua miaka 70, hadi 2013, ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo lake la tano, ukaiweka hali hii miongoni mwa dalili rasmi za usonji. Ikiwa wataalamu walichukua muda wote huo, si ajabu bibi wa kijijini akikosa kuijua. La ajabu ni sisi tunaosoma magazeti tukiendelea kuipuuza.

LAWAMA KWA MAMA

Mjini Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Wengi wetu tunakijua kwa habari za malaria. Lakini watafiti wake, wakiwemo Joseph Gona na Profesa Amina Abubakar, wamekaa pia na wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa Pwani, wa dini na makabila mbalimbali, wakawauliza wanavyouelewa usonji. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilionyesha majibu ya njia mbili. Wengine walitaja pepo wabaya, uchawi na laana. Wengine walitaja maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua, na urithi wa damu. Katika ripoti nyingine ya mwaka 2016, wazazi walisimulia unyanyapaa, ukosefu wa matibabu yafaayo na mzigo mzito wa gharama na malezi.

Anayeubeba mzigo huo, msomaji, unamjua. Ni mama. Yeye ndiye anayeambiwa alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, au kwamba kwao kuna laana. Baba huanza kuchelewa kurudi, kisha harudi kabisa.

Tusidhani ni sisi peke yetu tuliokosea. Huko Marekani msomi Bruno Bettelheim alitoa kitabu mwaka 1967 kilichowalaumu wazazi, hasa mama, kuwa ubaridi wa moyo wao ndio uliowafanya watoto wajifungie. Alikosea, tena miaka mitatu baada ya Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, kuandika kuwa chanzo kimo katika mwili na si katika malezi. Elimu ya leo imempa haki Rimland. Mwaka 1998 lawama ikahamia kwenye chanjo ya surua. Makala yaliyozusha hofu hiyo yalifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Mpeleke mtoto wako chanjo bila wasiwasi.

Sisemi watu waache kuomba. Omba, soma dua, washa mshumaa. Lakini mtoto akichomwa na mwiba, mzazi humwombea huku akiutoa mwiba. Tatizo letu ni kuomba huku mwiba tukiuacha mguuni.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Basi mwiba utautambuaje? Nunua daftari dogo la shule. Kila mtoto anapopandisha mayowe, andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, nini kilitokea muda mfupi kabla, na nini kilimtuliza. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Mara nyingi utaona jambo linajirudia. Ni saa ya kuvaa sare. Ni wakati jirani anapowasha mashine ya kusaga. Ni siku ya nywele. Ni ile koili ya mbu inayowashwa magharibi. Lile uliloliita pepo utakuta lina saa zake na mahali pake.

Daftari hilo litakusaidia pia kutenganisha ukaidi na maumivu, kwani watoto hawa nao ni watoto na hudeka kama wengine. Mtoto anayedeka hukutazama kwa pembe ya jicho, na akipewa peremende hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa hatazami mtu. Hata ukimpa alichokitaka mwanzo haachi, kwa kuwa hawezi. Kumchapa mtoto wa namna hiyo ni sawa na kumpigia kelele mtu anayeumwa na kichwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

NYUMBA IBADILIKE KIDOGO

Nazungumzia nyumba zetu hizi hizi, hata za chumba kimoja. Tuanze na kelele. Wazee waliokaa chini ya makuti hawakulijua tatizo la bati. Mwenye uwezo aweke dari. Asiye nao amweleze mtoto mapema wingu likitanda, na amvike kofia nzito ifunikayo masikio. Vile vifaa vya kufunika masikio wavaavyo mafundi wa mashine vinafaa sana kwa safari za matatu na kwa siku za sherehe. Redio na televisheni zisiwashwe pamoja, na anapokula vyote vizimwe.

Nguo nazo ni chanzo kikubwa cha ugomvi wa asubuhi. Shati jipya lina kola ngumu kama kadibodi na lebo inayokwaruza shingo. Ikate lebo hiyo. Sare mpya ifue mara tatu au nne kabla ya kuivaa, au tafuta ya mtumba iliyokwisha kulainika. Mtoto asiyevumilia soksi aivae ndani nje, ili mshono usimguse vidole. Wakati wa kaskazi, jasho linapogandisha nguo mwilini, muoge mara mbili.

Kuhusu chakula, tusimlazimishe. Mabamia yanayoteleza, samaki mwenye harufu kali, au mchuzi uliomwagiwa juu ya wali vyaweza kumfanya atapike bila kusingizia. Mpe anachokula, kisha weka kando ya sahani kipande kidogo cha kitu kipya, asilazimishwe hata kukigusa. Kukizoea kwaweza kuchukua wiki nyingi. Akibaki na vyakula viwili au vitatu tu, au akipungua uzito, mpeleke hospitali.

Utaratibu ni dawa kubwa kuliko zote. Chora kwenye kipande cha boksi picha za mambo ya siku: kuamka, uji, kuoga, shule, chakula, kulala. Mwonyeshe kila asubuhi. Kukiwa na badiliko, mwambie kabla. Fikiria mwezi wa Ramadhani, chakula cha mchana kinapohamia magharibi na nyumba nzima ikaamka usiku kwa daku. Kwako ni mwezi wa baraka. Kwake yeye ni kama dunia imepinduliwa. Anza kumwandaa wiki moja kabla, na uji wake ubaki saa ile ile.

Mwisho, mpe mahali pa kukimbilia. Si lazima kiwe chumba. Pembe ya nyuma ya kabati, iliyotandikwa mkeka na kuzibwa kwa leso, yatosha. Iwe ni sheria ya nyumba kuwa akiingia humo hakuna anayemfuata kwa maneno, na kusiwe mahali pa adhabu. Watoto wengi hutulia wakifungwa leso kwa kukazwa kidogo mwilini, kama mama zetu walivyotubeba mgongoni. Muhimu ni kuwa apende mwenyewe, na uso uwe wazi.

Utaniuliza: je, huku si kumdekeza? La. Kumdekeza ni kumpa asichohitaji. Miwani haimdekezi asiyeona vizuri. Mtoto aliyepumzika masikio ndiye anayeweza kufundishwa kuoga, kusaidia kuosha vyombo na kusubiri zamu yake. Kazi na mafunzo yabaki pale pale.

Onyo moja kwa sisi tunaokaa karibu na bahari. Watoto hawa hutoroka ghafla wakikimbia kelele, na wengi wanapenda mno maji. Huko Marekani uchunguzi umeonyesha kuwa kufa maji ni miongoni mwa vifo vinavyowapata zaidi watoto wenye usonji waliopotea. Komeo la mlango liwe juu, kisima kifunikwe, na wavuvi na vijana wa ufuoni wamjue mtoto wako kwa sura. Mapema iwezekanavyo, afundishwe kuogelea. Lakini asifungwe kamba wala kufungiwa chumbani. Hilo ni dhuluma, na hali yake huzidi kuharibika.

JAMAA NA MAJIRANI

Mkono mmoja haulei mwana. Shangazi akija kutoka Mombasa na mtoto akakataa kumpa mkono au kumtazama usoni, asichukie. "Mpungie mkono shangazi" yatosha, nayo pia ni salamu. Baba achukue zamu yake, hata saa mbili za Jumapili, mama apate kulala. Bibi na babu, ambao ndio wenye sauti katika nyumba nyingi za Giriama na za Waswahili, wakimwambia mwana wao "mtoto huyu ni wetu, tumlee", neno hilo lina uzito kuliko barua ya daktari.

Katika harusi mwachie mtoto akae nje ya ukumbi na binamu anayemzoea, kisha arudi nyumbani mapema. Maustadhi na walimu wa Jumapili wamruhusu akae karibu na mlango, mbali na kipaza sauti. Simwombi mwadhini wala mchungaji anyamaze. Ibada ina saa zake, na mtoto aweza kuandaliwa. Lakini muziki wa usiku kucha katika matanga, ambao viongozi wa Kilifi wameupiga marufuku mara kadhaa na bado unasikika, hauna utetezi wowote. Wagonjwa, wazee na watoto hawa ndio wanaoulipia.

HOSPITALI, SHULE NA SERIKALI

Usingoje mtoto "afunguke" mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake au asiyeonyesha kitu kwa kidole, wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, na wa umri wowote aliyekuwa akisema kisha akaacha, wote wafikishwe kwa daktari. Dalili moja si hukumu, lakini yatosha kuuliza. Omba masikio yapimwe kwanza, kwani kiziwi naye haitikii. Mweleze daktari kama aliwahi kuugua malaria kali ya kichwa au kuanguka kifafa, kwa sababu kifafa huandamana na usonji mara nyingi, nacho kina dawa. Usonji wenyewe hauna kidonge cha kuuponya. Anayekuuzia dawa ya kuuondoa, awe na kanzu au koti jeupe, anataka pesa zako.

Kwa shule, vituo vya serikali vya kupima mahitaji maalumu ya watoto, vijulikanavyo kama EARC, vilianza mwaka 1984. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Mtoto aandikishwe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa haki ya kusoma, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahali pa ile ya 2003. Karatasi tunazo. Tunachohitaji kutoka kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi ni watu: wataalamu wa kufundisha kusema na wa kuwazoeza watoto shughuli za kila siku, wanaofika hadi Magarini na Ganze, si Kilifi mjini na Malindi peke yake. Mama hawezi kulipa nauli ya matatu kila wiki akiwa na mtoto anayeumizwa na matatu yenyewe.

Wazazi nao wasingoje kuitwa. Mwaka 2003 wazazi jijini Nairobi waliungana wakaunda Autism Society of Kenya. Wazazi watano wa Malindi wakikutana mara moja kwa mwezi kwenye baraza la mmoja wao, wakabadilishana madaftari, tayari ni mwanzo. Na Aprili 2, ambayo tangu 2008 ni siku ya kimataifa ya kuufahamisha umma juu ya usonji, isipite kwa hotuba za ukumbini tu.

Nirudi kwenye ile mvua. Masika yatakuja tena, na mtoto wa nyumba ya tatu atapiga mayowe tena. Safari hii, msomaji, ukikutana na mama yake mferejini usimwambie lolote juu ya mganga unayemjua. Mwulize kama alipata usingizi. Kisha mchukulie ndoo yake hadi mlangoni.